Dhoruba ya Saa Nne Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Tumevamiwa. Mkuu wa Kitivo ametangaza kwamba vitengo vidogo vyote vitamezwa na vikubwa. Kitengo changu cha Fizikia ya Anga za Juu ndicho kidogo kuliko vyote: mimi, Fundi, na birika. Kamati itakaa Alhamisi ya wiki ijayo kuamua nani atumeze.

Wanaotutaka ni watatu. Wa kwanza ni mwanafalaki, mama mmoja mrefu ambaye kitivo kizima kinamwita Darubini. Wa pili ni mzee wa maabara ya plasma anayefungia gesi kwenye chupa na kuitia umeme mpaka iwake rangi ya zambarau. Huyo tunamwita Chupa. Wa tatu ni mkuu wa Hali ya Hewa. Huyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu wa kuzaliwa tumbo moja.

Wakitupeleka kwa Shemeji nimekwisha. Nitaomba ruhusa ya kwenda hospitali kwa Shemeji. Nitaomba kalamu kwa Shemeji. Jumapili mezani kwa mama mkwe nitapakuliwa baada ya Shemeji, na safari hii itakuwa halali. Fundi naye atahamishiwa stoo ya viti. Mwanamke aliyetengeneza mitambo yangu kwa mikono yake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, leo akahesabu viti! Haiwezekani.

Mkuu aliniuliza korido nzima ikisikia: hivi Fizikia ya Anga za Juu ni kitu gani hasa, ambacho hawa wengine hawakifanyi? Nikamwambia ni swali zuri sana. Nikaondoka haraka.

Jibu ninalo. Lakini jibu ni la watu wasio na akili ya mipango. Mimi nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango ni huu. Majirani watatu wagombane kuhusu nani hasa mwenye haki na mimi. Wakishagombana vya kutosha, Kamati itachoka na kuniacha. Ili wagombane, lazima wakutane. Ili wakutane, lazima kuwe na chai.

Tangu jengo lijengwe, chai ya saa nne huishia ghorofa ya kwanza. Sisi wa ghorofa ya juu tunaifuata kama yatima. Leo nilimwendea Mama Chai na maneno matamu. Nikamwambia lifti imepona, hewa ya juu ni safi, na watu wa huko wanamsifia. Akaniuliza watu gani. Nikamwambia mimi. Akapanda.

Troli lake ni dude la chuma tupu, lina birika mbili za ukubwa wa mtoto wa darasa la tatu, na magurudumu yake yanalia. Akaliegesha mwisho wa korido, ubavuni mwa mlango wangu, limeegemea ukuta wa chumba chetu kidogo cha vipimo. Majirani wakaja wote watatu. Harufu ya biskuti haina itikadi.

Nikachokoza. Nikauliza kwa upole, anga za juu ni za nani? Darubini akasema jua liko angani, jua ni nyota, nyota ni zake. Shemeji akasema anga ni anga, iwe juu iwe chini, na hewa yote ni yake. Chupa akasema huko juu kote ni plasma, na plasma ni yake, anayo kwenye chupa. Nikajisogeza nyuma nipishe ngumi.

Ngumi zilikuwa wapi! Walisikilizana kwa adabu, wakapeana sukari, wakakubaliana kwamba wote wana haki kidogo na kwamba tatizo hasa ni mimi, sina hoja. Shemeji akala biskuti yangu.

Walipoondoka, Fundi akaniita nione skrini. Kipima sumaku chetu kilikuwa kimeruka. Mstari uliokuwa umelala asubuhi nzima ulipanda ghafla, ukakaa juu kama robo saa, ukashuka. Nikatazama saa ya mtambo. Saa nne kamili.

Dhoruba ya sumaku! Juu ya paa langu! Moyo ulinienda mbio kama wa bwana harusi.

Alhamisi, 6 Machi

Jana saa nne, dhoruba. Leo saa nne, dhoruba. Inakuja saa ileile na kuondoka saa ileile. Haijawahi kuandikwa popote.

Wala hakuna uwezekano wa kosa. Kile chumba kidogo nakilinda kama msikiti. Kihisi cha sumaku kimekaa juu ya nguzo ya mawe, na sheria ni moja: chuma hakiingii. Hakuna msumari, hakuna funguo, hakuna saa ya mkononi. Mimi mwenyewe kabla sijaingia navua mkanda na kushika suruali kwa mkono. Fundi anaingia pekupeku kwa sababu viatu vyake vina misumari. Zamani kihisi kilikuwa na kibanda chake nje uwanjani, mbali na kila kitu, lakini kibanda kile walipewa watu wa bustani waweke mashine ya kukatia nyasi. Donda hilo halijapona.

Nimemwambia Mkuu leo. Nimemwambia: kesho, saa nne kamili asubuhi, uga wa sumaku wa dunia utatikisika. Akauliza uga wa sumaku ndiyo nini. Nikamwambia ni ile nguvu inayogeuza sindano ya dira, inaizunguka dunia yote kama neti inavyozunguka kitanda, na jua hutupulizia upepo wa chembe zenye umeme usiku na mchana. Upepo ukizidi, neti inatikisika. Akasema atakuja aone.

Shemeji alikuwa amesimama hapohapo. Asubuhi alikuwa amemhakikishia Mkuu kwamba leo mvua hakuna. Mkuu alikuwa analowesha zulia.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi wa kishindo. Mkuu alifika mapema, akasimama mlangoni na kikombe cha chai alichotoka nacho ofisini kwake, akakodolea skrini. Saa nne. Mstari ukaruka. Mkuu akamwagikiwa na chai kidogo kwenye tai. Akasema hajawahi kuona elimu inayotabiri mpaka dakika. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ila si sana.

Darubini na Chupa walinipa mkono. Shemeji aliniangalia kwa jicho moja huku akikoroga chai isiyo na sukari. Akauliza tu kwa nini jua liwe na saa ya ukutani. Nikamjibu kwamba maswali ya aina hiyo ndiyo yanatofautisha watu wa mvua na sisi.

Jumapili, 9 Machi

Jana nilipitia ofisini. Saa nne ikafika, ikapita. Mstari umelala fofofo. Nikagonga skrini. Nikavua mkanda, nikaingia, nikakiangalia kihisi uso kwa uso. Kimya. Leo nimepita tena kabla ya chakula. Kimya vilevile.

Kwa mama mkwe kulikuwa na watu wengi mezani. Mama mkwe alianza na wimbo wake. Mwanawe humwambia lini aanike nguo na lini aanue. Je, mimi mwenye anga za juu humwambia nini? Nikasema kazi yangu inahusu mambo yaliyo juu zaidi ya nguo. Akasema kwa hiyo hujui. Mke wangu akacheka mpaka akaweka kijiko chini.

Ndipo Shemeji akauliza, kwa sauti ya kupitisha chumvi, kama dhoruba yangu imekuja pia wikiendi hii. Nikameza mfupa mdogo. Nilipomaliza kukohoa nikasema jua linazunguka, upande wenye vurugu umegeuka kidogo, mambo ni ya kitaalamu. Akasema aha, kwa hiyo jua nalo lina mapumziko ya Jumamosi na Jumapili, angeomba likawafundishe mawingu.

Undugu wangu na Shemeji ni kwa hisani ya mke wangu tu.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne. Imerudi! Kubwa kuliko zote. Nimemtumia Shemeji ujumbe wa neno moja: Karibu. Hajajibu.

Mkuu naye amefurahi. Anasema Alhamisi Kamati haitakaa ukumbini. Itakuja hapa chumbani kwangu, saa nne, ione kwa macho, kisha nieleze kitengo changu ni nini, na waamue papo hapo.

Nimemwambia Fundi habari za stoo ya viti azisahau. Akasema hakuwa amezikubali.

Jumanne, 11 Machi

Sijui niandike vipi. Naandika tu.

Mama Chai bega linamuuma. Lifti ilipofunguka akaniomba nimsaidie kusukuma. Mimi ni muungwana. Nikashika troli nikaanza kuja nalo koridoni. Mlango wangu ulikuwa wazi na skrini inatazama korido. Nikaona mstari unaanza kupanda. Nikasimama kushangaa. Mstari nao ukasimama.

Nikasukuma hatua mbili. Ukapanda. Nikarudisha nyuma. Ukashuka.

Nikasukuma, nikarudisha, nikasukuma, nikarudisha. Birika zinagongana. Mama Chai akaniuliza kama mimi mzima. Nikamwambia sina uhakika.

Siku zote hizi! Navua mkanda ili kuingia chumba ambacho nyuma ya ukuta wake nimeleta gari zima la chuma kwa maneno yangu mwenyewe. Ukuta unazuia watu. Unazuia mvua. Sumaku inapita kwenye tofali kama hakuna kitu, na hilo nimelifundisha darasani miaka yote, tena kwa kuchora. Dhoruba ya saa nne ni chai ya saa nne. Ndiyo maana jua lilipumzika wikiendi.

Nikapiga moyo konde, nikashuka kwenda kumwambia Mkuu ukweli. Nilifika mpaka mlangoni, nikainua mkono nibishe. Nikamsikia ndani akimsimulia mtu kwenye simu kwamba kitivo chake kina mtu anayetabiri jua mpaka dakika. Alikuwa na furaha kama mtu aliyepata mjukuu. Nikaushusha mkono. Nikafyata mkia. Nikapanda ngazi taratibu, na ngazi ya nne nikasimama, maana lilikuwa limenijia wazo.

Kwani nani kasema lazima nikosee? Alhamisi dhoruba itahitajika saa nne. Mimi ndiye mtu pekee katika historia ya elimu hii mwenye dhoruba ya magurudumu.

Jumatano, 12 Machi

Mazoezi. Nimepaka magurudumu ya troli mafuta ya kupikia yasilie. Sasa linateleza kama samaki, limenipita mara moja likagonga mlango wa choo cha wanaume, na aliyekuwemo ametoka amebadilika rangi. Mama Chai nimemwelekeza: kesho apite saa nne, aegeshe, amimine, aondoke kabla watu hawajaanza kufikiri.

Fundi nimemweleza yote. Ilibidi. Alinisikiliza huku anafuta bisibisi. Akasema hatasema uongo akiulizwa. Akaongeza kwamba kwa miaka yote aliyofanya kazi hapa, hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kumuuliza kitu. Halafu akasema jambo ambalo limenichoma: kwamba kitengo chetu kinastahili kupona kwa kazi yake halisi. Nikamwambia kazi halisi haiji saa nne kamili.

Usingizi sina, lakini suti imepigwa pasi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi nyumbani, nimevua viatu. Nitaandika kwa mpangilio.

Walifika wote mapema. Mkuu, Darubini, Chupa, Shemeji na mwavuli wake, kila mmoja na kiti. Fundi kwenye mitambo. Mimi mbele na tai mpya. Nikaanza kwa kuvuta muda, nikaeleza historia ya jengo. Zimebaki dakika kumi na kitu kufika saa nne, troli liko chini jikoni kabisa, na mstari ukaruka.

Peke yake.

Nikachungulia koridoni. Tupu. Nikasikiliza lifti. Imelala. Nikarudi, mstari uko juu. Kamati imeanza kunong'ona kwa kuridhika. Mkuu akatazama saa, akasema leo jua limewahi. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye kitu kimoja tu: chuma. Kuna mtu kaleta chuma. Shemeji! Nikaruka nikamnyang'anya mwavuli. Nikampa Fundi autoe nje, ashuke nao mpaka uwanjani. Mstari ulianza kushuka. Nikapumua. Ukashuka ukafika pale ulipokuwa mwanzo. Ukapita. Ukaendelea kushuka.

Hapo nikapoteza adabu. Nikaomba funguo za wote. Nikaomba saa za mkononi. Darubini akatoa bangili, kisha vibanio vya nywele, nywele zikamwangukia usoni akawa anatazama kwa tundu. Chupa mfukoni alikuwa na spana, koleo na kopo la misumari, mtu mzima yule. Nikamgeukia Mkuu. Nikamwambia Mheshimiwa, mkanda. Akaufungua. Vyote vikaingia kwenye beseni, Fundi aliporudi akaliweka kichwani akashuka nalo kwa ngazi. Kamati nzima imesimama imeshika nguo zake kwa mikono.

Mstari unashuka.

Na hapo nikasikia lifti. Troli! Saa nne! Mtu niliyelipaka mafuta kwa mikono yangu nikatoka mbio kulizuia. Lilikuwa limeshatoka nje ya lifti na linakuja lenyewe, Mama Chai analifuata. Nikalikumbatia. Chai ilimwagika kwenye tai mpya. Nikamwambia rudisha, rudisha chini, leo hakuna chai. Akasema jana nilimwambia hivi leo vile, yeye ana umri wake. Nikamsihi. Milango ya lifti ikajifunga.

Nikarudi chumbani nimelowa. Hakuna troli, hakuna mwavuli, hakuna hata kibanio. Mstari unashuka, chini kuliko nilivyowahi kuuona mwaka huu. Nikakaa sakafuni. Nikasema kwa sauti kwamba sielewi, nimeondoa kila kitu, na bado ipo. Haya yalikuwa maneno yangu ya kwanza ya kweli tangu wiki iliyopita.

Simu ya ukutani koridoni ikalia, wanamtaka Shemeji. Ilikuwa ofisi yake. Puto lao la asubuhi, lile linalobeba vipimo kwenda mawinguni, lilikuwa linajitangaza liko mahali ambapo haliwezi kuwepo. Setilaiti zinazoliongoza zinapotosha. Vijana wake wamebadilisha betri, wamebadilisha redio, hola.

Darubini akatoa nywele usoni. Akasema polepole kwamba juzi, kwenye darubini yake ya jua, aliona mlipuko. Doa kubwa, katikati ya jua, limefumuka. Aliuandika akaenda kula. Kazi yake huishia pale mwanga unapomfikia, na mwanga ulimfikia mara moja.

Nikasimama. Sijui miguu niliitoa wapi. Nikamuuliza: na ule moshi uliotoka kwenye mlipuko ulikwenda wapi? Akasema hakufuatilia, si mambo yake. Nikamgeukia Chupa: moshi ule ni nini? Akasema gesi iliyovunjwavunjwa na kujaa umeme, ileile ya kwenye chupa yake, ila bila chupa. Bila chupa inaendaje? Akasema hajui, yeye bila chupa hafanyi kazi. Nikamgeukia Shemeji: hewa yako inaishia wapi? Akasema puto lake hupasuka likiwa juu kidogo ya mawingu marefu. Na juu ya hapo? Akatazama dari.

Nikasema: juu ya hapo hewa inakuwa nyembamba, miale ya jua inaichana, inajaa umeme, na tangu hapo haisikii tena amri ya joto na baridi peke yake, inasikiliza sumaku. Darubini anaanza kutoka kwenye nyota anakuja mpaka kwenye uso wa jua, anasimama. Shemeji anaanza kwenye nguo za mama mkwe anapanda mpaka puto linapasuka, anasimama. Chupa anaijua gesi yenyewe, lakini amekaa nayo ndani. Njia yote iliyobaki katikati, kutoka kwenye jua mpaka juu ya paa hili, haina mtu. Kule ndiko moshi wa juzi umesafiri siku mbili, umegonga neti ya sumaku asubuhi hii, neti imebonyea, setilaiti zimepotosha, na puto la Shemeji limepotea. Huko ndiko ninakofanya kazi. Darubini anatazama kwa mwanga kutoka mbali, mimi naupima upepo wenyewe ukinigusa. Nawahitaji wote watatu. Na leo wao wamenihitaji mimi.

Sikuwa nimepanga hata neno moja la hayo. Nilijisikia kulia na nikalia kidogo, lakini kwa kuwa nilikuwa nimelowa chai hawakutambua.

Mkuu alikuwa ameshika suruali kwa mikono miwili. Akasema ameongoza kamati nyingi, na hajawahi kuona mtafiti anayekataa kuamini matokeo yake mwenyewe mpaka amvue mkubwa wake mkanda. Akasema huo ndio uaminifu wa elimu. Kisha uamuzi: kitengo kinabaki, hakimezwi na mtu. Fundi anabaki. Mashine ya kukatia nyasi inahama, kibanda ni chetu. Na Hali ya Hewa watuletee vipimo vya puto kila asubuhi, mkononi.

Fundi alikuwa anarudi na beseni mlangoni. Alisikia. Alikaa kwenye kiti cha Mkuu bila kuomba, akajipepea.

Watu walipokuwa wanachagua funguo zao, Shemeji alinivuta pembeni. Alikuwa ameshuka kuchukua mwavuli na amekutana na Mama Chai kwenye lifti, amenuna, anasimulia. Shemeji aliligusa lile troli, akapangusa mafuta ya kupikia kwenye leso, akakumbuka saa nne zote na Jumapili ile. Akaniambia zile dhoruba za mwanzo nizifute leo hii, zote, na nimweleze Mkuu nilikosea. Ya leo ilikuwa ya kweli, akasema, na nilivyoisimulia hata yeye alielewa. Halafu akaniambia hongera, shem. Akanipa mkono. Nikampa wangu.

Fundi amezifuta. Mimi nilimweleza Mkuu kwamba vipimo vya awali vilikuwa na kasoro ndogo ya kimazingira. Akasema ndiyo hiyo ninayoisema, uaminifu. Nilijaribu kufafanua, akanikumbatia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeamka nikiwa mtu mwingine. Mke wangu anasema ni yuleyule, ila anapiga mluzi.

Kihisi kimerudi kibandani. Fundi amekisimika leo asubuhi, pekupeku kwenye nyasi, anaimba. Sijawahi kumsikia akiimba. Shemeji ameleta vipimo vya puto mwenyewe, mkononi, na nikamkaribisha kiti. Mama mkwe amepiga simu kuuliza kama kwa hii dhoruba yangu aanike au asianike. Nimemwambia aanike. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya hapo, nikijisikia vizuri.

Nimetafakari sana somo la wiki hizi mbili. Watu wengine wangesema ni bahati. Fundi amesema hivyo mara mbili. Lakini bahati haiji kwenye mkutano wa kamati. Ukweli ni kwamba mimi na jua tunaelewana. Nililihitaji Alhamisi, likaja Alhamisi. Troli lilikuwa ni mwanafunzi anayejaribu kuiga mwalimu.

Mkuu ameniita mchana. Kutakuwa na wageni wiki ijayo, wakubwa, wengi, na wote wanataka kuona kile alichowasimulia kwenye simu. Akaniuliza kama itawezekana. Fundi alikuwa nyuma yake akitikisa kichwa kwa nguvu zote. Shemeji alikuwa mlangoni akifanya vivyo hivyo, kwa mikono.

Nimewaahidi dhoruba Jumanne, saa nne kamili asubuhi. Viti vimeshaagizwa. Kilichobaki ni kuliarifu jua.